"Washirika wa tabia ya Uungu": Mababa wa Kanisa walielewaje?

Waraka wa Pili wa Petro, sura ya 1 aya ya 4, unasema tumepewa ahadi ili tupate kuwa "washirika wa tabia ya Uungu". Msomaji wa leo akikuta "tabia" huwaza mwenendo: upole, subira, ukarimu. Anadhani anahimizwa kuwa na adabu njema tu. Kumbe Kigiriki hapo kinataja asili, na hata neno tabia lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana hiyo ya maumbile.

Irenei, askofu wa Lyon katika karne ya 2 na mmoja wa Mababa, yaani walimu wa imani wa karne za kwanza, alikuwa akibishana na watu walioudharau mwili. Aliwajibu kwamba Neno wa Mungu, kwa upendo wake, alifanyika vile tulivyo sisi ili atufanye vile alivyo yeye. Karne ya 4, Athanasi, askofu wa Aleksandria huko Misri, akalisema bila kupepesa macho: alifanyika mtu ili sisi tufanywe miungu.

Kauli hiyo huwashtua wengi, na si ajabu. Lakini kwa Athanasi ndiyo iliyokuwa silaha. Ario, padre wa mji huohuo, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, fundisho lililokataliwa na Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325. Hoja ya Athanasi ilikuwa hii: kama Mwana naye uungu kapewa tu, atatugawiaje? Mwenye kanzu ya kuazima hawezi kuwavika wenzake. Kwa msimamo wake huo alifukuzwa jimboni mara 5.

Tazama kitenzi chenyewe: "tufanywe". Ni kazi ya neema, hatuupati uungu kwa asili yetu. Mababa walipenda mfano wa chuma. Kikitiwa motoni huwa chekundu, hung'aa, huunguza kama moto wenyewe, ila mhunzi anajua kwamba bado anapiga chuma. Basili Mkuu, askofu wa karne hiyohiyo ya 4, naye aliweka mpaka: matendo ya Mungu hutushukia, bali dhati yake, yaani kiini chake, haifikiki.

Fundisho hili, ambalo Kanisa la Mashariki huliita theosisi, yaani kufanywa mungu, halikubaki vitabuni. Katika Misa, padre akichanganya tone la maji na divai, huomba kwa sauti ya chini tushirikishwe uungu wa Kristo aliyekubali kushiriki ubinadamu wetu. Waumini wengi hawaisikii sala hiyo, kwa kuwa wakati huo kwaya inaimba wimbo wa matoleo.