Sifuri ya kwenye ripoti si sifuri ya wodini

"Sisi hapa hatuna maambukizi ya hospitali." Nimeambiwa tena wiki hii, katika wodi ya akina mama waliojifungua kwa upasuaji, huku nikionyeshwa fomu ya mwezi yenye sifuri kila mstari. Nikauliza: sampuli ngapi za damu zimepelekwa maabara kuoteshwa, ili tuone kama zina vijidudu? Hakuna. Usaha wa vidonda je? Hakuna. Sasa sifuri hiyo imetoka wapi? Haikutafutwa, haikuonekana, ikaandikwa kwamba haipo.

Vigezo mnavijua: maambukizi yaliyoanza baada ya saa 48 tangu kulazwa ni yetu, na kidonda cha upasuaji kinahesabika hadi siku 30, au 90 ikiwa kuna kipandikizi, yaani kifaa kilichoachwa mwilini. Hizo siku 30 ndizo zinazosahaulika. Mama wa upasuaji anaruhusiwa siku ya tatu akiwa na mshono mkavu. Wiki ya pili mshono unaachia, unatoa usaha. Nauli ya kurudi kwetu hana, kwa hiyo anakwenda zahanati ya jirani, anasafishwa, anapewa vidonge. Huko ameandikwa "kidonda" tu, na faili lake kwetu linabaki safi kabisa. Mgonjwa tumemwambukiza sisi, ushahidi uko kwenye daftari la watu wengine.

Dawa yake ni simu. Chukua namba ya mama na ya ndugu mmoja kabla hajatoka. Na ukipiga, usiishie kwenye "unaendeleaje?", maana utajibiwa "namshukuru Mungu" hata kama mshono umefunguka. Uliza kitu kimoja kimoja: kuna usaha? Kuna harufu? Mshono umeachia? Umepata homa? Kuna mtu amekuandikia dawa tangu utoke?

Mara nyingine tunahesabu kwa siku moja: kila aliyekuwa amelazwa wodini saa mbili asubuhi, faili lake linasomwa siku hiyohiyo. Njia hii ni rahisi na naipenda, lakini tafadhali msiisome vibaya. Ukikuta wagonjwa 10 kati ya 100 wana maambukizi, haina maana kwamba kila watu 100 mnaowalaza, 10 wanaambukizwa. Aliyeambukizwa hukaa kitandani muda mrefu zaidi, kwa hiyo siku yoyote utakayoingia wodini una nafasi kubwa ya kumkuta. Kama unataka kujua kasi, gawa maambukizi mapya kwa siku za mgonjwa, yaani jumla ya siku ambazo wagonjwa wote wamelala, na kwa mpira wa mkojo gawa kwa jumla ya siku ambazo wagonjwa walikuwa na mpira, kisha zidisha kwa 1,000.

Kuna mahali mimi mwenyewe sina uhakika, na vitabu hupapita haraka. Mgonjwa wa rufaa aliyelala siku nne hospitali nyingine, homa yake ni ya nani? Na aliyemeza antibayotiki za duka la dawa kabla ya kuja, damu yake ikioteshwa bila kuota kitu, nimwamini nani, maabara au joto la mgonjwa? Nafuata kigezo kilichoandikwa, lakini yako mafaili ambayo tukiyasoma wawili, kila mmoja anatoka na jibu lake.

Kinachonikera zaidi kiko kwenye chati za dawa za wodi hiyohiyo yenye sifuri. Seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, siku tano, karibu kila kitanda, na sehemu ya sababu ama iko tupu ama imeandikwa "kinga". Shirika la Afya Duniani limeiweka seftriaksoni katika kundi la dawa za kuangaliwa kwa karibu kwa sababu ya usugu, yaani vijidudu kuizoea dawa. Mwongozo wake wa 2016 unataka dawa ya kinga itolewe kabla ya kisu, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwisha. Siku tano si kinga, ni tiba. Sasa niambieni, mnatibu nini katika wodi isiyo na maambukizi? Ama mnawapa wazima dawa wasiyoihitaji, ama wagonjwa wapo na hamkuwaandika. Sifuri ya kwenye ripoti na tiba ya kwenye chati haziwezi kuwa sahihi kwa pamoja.

Kuanzia mwezi ujao fomu inaongezewa safu mbili: sampuli zilizopelekwa kuoteshwa, na akina mama waliopatikana kwa simu hadi siku ya 30. Sifuri itakayokuja bila safu hizo kujazwa nitairudisha wodini.