Gofu kwenye likizo ya familia kisiwani: anza na saa, uwanja utafuata

Kazi yangu ni kufundisha gofu, na likizo zikikaribia tu simu inajaa meseji za aina moja, "Kochi, tunaenda kisiwani na familia wiki nzima, nicheze uwanja gani?", chini yake picha tatu zilizopigwa na droni, maji ya bluu, griini (ile nyasi laini yenye shimo) imekaa kwenye ncha ya jabali. Mi huwa sijibu swali la uwanja kwanza. Nauliza watoto wana umri gani, mwenzako anacheza au hachezi, na mnalala upande upi wa kisiwa. Wengine wanakereka kidogo, wanaona nawazungusha, ila majibu ya maswali hayo matatu ndo yanachagua uwanja, mi nabaki kusoma jina tu.

Nilijifunza kwa aibu. Likizo yangu ya kwanza ya hivyo nililipia raundi tatu siku tatu mfululizo kwenye uwanja uliokuwa upande wa pili wa kisiwa, kwenye ramani ni kama kidole kimoja hivi, sasa barabara za visiwani unazijua, inapanda mlima inashuka inapita kila kijiji inazunguka kila ghuba, saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, katikati hapo raundi yenyewe masaa matano kwa sababu mbele yetu kulikuwa na kundi linatafuta mipira kwenye kila kichaka. Siku ya pili narudi saa 10 jioni, mtoto mdogo kaungua jua begani, mkubwa kanuna, na mama watoto ananipokea na "karibu mgeni" kwa sauti ya upole kabisa. Siku ya tatu sikwenda. Pesa ikaliwa.

Kwa hiyo tuanze na hesabu. Raundi kamili ya mashimo 18, watu wanne, vigari viwili, kwenye uwanja wa hoteli uliojaa watalii, hesabu masaa manne na nusu, na matano usishangae. Ongeza nusu saa ya kufika mapema na kupasha mwili, ongeza kuoga na kula kitu, ongeza barabara mara mbili. Uwanja ulio dakika 40 kutoka hotelini unakula masaa saba ya siku. Ukiwa ndani ya hoteli yenyewe na ukaanza saa 12 na nusu asubuhi, unamaliza kabla ya saa sita, watoto ndo kwanza wametoka kwenye bwawa wana njaa, na hakuna aliyegundua kwamba ulikuwa haupo. Ukichelewa kuanza kwa saa moja tu kila kitu kinabadilika, joto linapanda, uwanja umejaa, kundi la mbele linatembea kama kobe. Mtu akiniambia "nimepata nafasi ya saa nne asubuhi, bei nzuri" namwambia umepata nafasi ya kugombana.

Na usisahau, nchi za tropiki hazina zile jioni ndefu za majira ya joto ya Ulaya. Karibu na ikweta jua linazama mida ileile ya saa 12 jioni mwaka mzima na giza linaingia haraka, kwa hiyo ile bei ya punguzo ya alasiri, ukianza saa tisa, ichukulie kama bei ya mashimo tisa tu, usidanganywe.

Kwa wiki moja mi napendekeza raundi moja kubwa na mbili ndogo, basi. Raundi kubwa ni ile ya kwenda kusimulia. Ndogo ni mashimo tisa, au uwanja wa mashimo mafupi ya pa 3 (yanayotarajiwa kumalizwa kwa mipigo mitatu) ambako hata asiyecheza anaweza kuingia na fimbo mbili akacheka na watoto.

Sasa hapo kwenye raundi kubwa ndo picha zinawapoteza watu. Chukua Teeth of the Dog, ule aliouchora Pete Dye kule Jamhuri ya Dominika, uliofunguliwa 1971, moja ya viwanja vinavyosifiwa sana kwenye visiwa vyote vya Karibi. Mashimo yanayogusana na bahari ni saba. Saba ni mengi sana, viwanja vingi vya "baharini" vina mawili, lakini bado kumi na moja yako ndani. Mauna Kea kule Hawaii, kazi ya Robert Trent Jones ya mwaka 1964, picha unayoiona kila mahali ni shimo la 3, unapiga juu ya maji ya bahari mpaka griini ya upande wa pili, na mengi yanayobaki yanapanda na kushuka kwenye ardhi ya lava. Sisemi ni viwanja vibaya, ni vizuri mno, nasema uliza ni mashimo mangapi kabla ya kuvuka kisiwa kwa ajili ya shimo moja ambalo unaweza kulicheza na kulimaliza ndani ya dakika kumi na mbili.

Kinyume chake kuna viwanja ambavyo kwa familia vimekaa sawa tu. Île aux Cerfs pale Morisi, aliouchora Bernhard Langer, uko kwenye kisiwa kidogo upande wa mashariki, unafika kwa boti, na kisiwa hichohicho kina fukwe, kwa hiyo familia inapanda boti na wewe, wao wanaenda kuogelea wewe unaenda kuteseka. Nasema kuteseka kwa sababu mikoko na maji yako kila upande na mipira inaliwa kweli, mwanafunzi wangu mmoja aliondoka na mipira kumi na tano akamaliza kwa kuazima. Kusini mwa Morisi, Bel Ombre, kuna uwanja mkubwa wa mashimo 18 na pembeni yake kauwanja ka mashimo tisa ya pa 3, na 2023 wakaongeza mwingine mkubwa, La Réserve, kwa hiyo baba anaweza kucheza kukubwa siku moja, na kesho yake wote wakaenda kwenye kale kadogo. Shelisheli kuna Lemuria kwenye kisiwa cha Praslin, mashimo 12 ya mwanzo ni tambarare katikati ya minazi halafu sita ya mwisho yanapanda mlimani, shimo la 15 unasimama juu kabisa unaiona Anse Georgette chini yako, na hoteli iko hapohapo. Ila Praslin unafika kwa feri au kandege kadogo kutoka Mahé, na kandege kadogo na begi la fimbo kilo kumi na tano havipatani, ulizia mapema.

Zanzibar wengi hawajui kama kuna gofu, ipo, mashimo tisa pale Sea Cliff, Mangapwani. Kwa likizo ya familia tisa zinatosha kabisa.

Tuje kwenye ugumu, hapa nitakaa kidogo maana ndo somo langu. Kila uwanja uliopimwa rasmi una namba inaitwa slopu, inaanzia 55 mpaka 155, wastani umewekwa 113, na inakwambia uwanja unamwadhibu mchezaji wa kawaida kiasi gani ukimlinganisha na yule wa handikapu sifuri (handikapu ni mipigo ya ziada anayopewa mchezaji, fundi hapewi). Watu wanaangalia urefu tu, hawaangalii slopu. Uwanja wa kisiwani unaweza kuwa mfupi lakini slopu ikapita 135, maana yake kuna maji ya kuvuka, mabonde, vichaka vya kumeza mpira. Kama handikapu yako ni 22 na unacheza mara moja kwa mwezi, huko utapoteza mipira na muda, afu muda wenyewe ndo ule tuliouhesabu juu. Namba hiyo inabadilika kutokana na tii (sehemu ya kupigia mpira wa kwanza) unayoanzia, kwa hiyo angalia ya tii yako, sio ya tii za mabingwa.

Kuhusu tii sasa, wanaume mnanisikia? Chukua umbali wa kweli wa chuma chako namba 5 (fimbo ya masafa ya kati), sio ule mmoja wa mwaka jana uliogonga njia ya zege ya vigari ukaruka mpaka leo unausimulia, ule wa kawaida, zidisha mara 36, hiyo ndo urefu wa uwanja unaokufaa. Ukipiga yadi 140 unapata yadi 5,040. Wengi nikiwapa hesabu hii wanaguna kwa sababu inawapeleka mbele karibu na tii nyekundu, halafu wanarudi kutoka likizo wanasema hawajawahi kufurahia hivyo. Na kama ni raundi ya kirafiki, kubalianeni mapema kutumia ile kanuni ya ziada iliyokuja 2019, mpira ukipotea hurudi nyuma kupiga tena, unadondosha mwingine kwenye nyasi fupi usawa wa pale ulipopotelea, adhabu mipigo miwili, mnaendelea. Kutafuta ni dakika tatu, zile tano za zamani zimekwisha.

Upana ni rafiki kuliko urefu. Plantation Course ya Kapalua kule Maui, Hawaii, ukiiona kwenye tivii inatisha, shimo la 18 linapita yadi 650, lakini Bill Coore na Ben Crenshaw waliichora feawei (njia ya nyasi fupi ya kuelekea griini) pana sana makusudi, kwa sababu pale upepo haulali. Mchezaji wa kawaida anapiga vibaya na mpira bado anauona. Ila usithubutu kuitembea kwa miguu, milima ile panda kigari.

Upepo wenyewe ndo sababu ya lile swali langu la mnalala upande upi. Mabaharia wetu wana maneno yake, upande wa joshi unakotokea upepo na upande wa demani uliokingwa nao, na kisiwa chenye mlima katikati ni kama visiwa viwili. Kisiwa kikubwa cha Hawaii, Hilo upande wa joshi inapata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, na pwani ya Kohala upande wa demani, ambako Mauna Kea iko, haifiki 300. Kisiwa kimoja! Morisi nayo upepo wa kusini-mashariki unakaza mwezi wa 6 mpaka wa 9, kwa hiyo viwanja vya mashariki miezi hiyo unavicheza asubuhi mapema au usivicheze, na vimbunga vinakaa zaidi kati ya mwezi wa 11 na wa 4.

Nyasi nitapita haraka. Viwanja vingi vya pwani za joto wanapanda nyasi aina ya paspalamu kwa sababu inavumilia chumvi, hata maji ya kumwagilia yakiwa na chumvichumvi inaishi. Inashika mpira, hauviringiki sana, kwa hiyo karibu na griini urushe utue mbali zaidi ya ulivyozoea. Kwenye bermuda, aina nyingine ya nyasi, angalia nyasi zimelalia wapi, zikimeremeta mbele yako mpira utakimbia, zikionekana nyeusi utagoma.

Kabla ya kulipa andika imeili, usipige simu, ili majibu yabaki kwa maandishi. Uliza kama wiki hiyo wanatoboa griini. Hii hakuna anayeiuliza, na kazi hiyo wanaiweka msimu wa wageni wachache, yani wiki ileile uliyopata hoteli kwa bei ya chini, unafika unakuta griini imejaa vishimo na mchanga na bei ya raundi haijashuka. Uliza kama kuna mashindano. Uliza mtoto anaruhusiwa kukaa kwenye kigari kuanzia umri gani na kama asiyecheza anaweza kufuatana nanyi, viwanja vingine vinakataa kabisa. Uliza fimbo za kukodi, hasa za watoto, za wanawake na za anayetumia mkono wa kushoto, seti moja ya kushoto kwa uwanja mzima ni kawaida na huenda jamaa mwingine keshaichukua.

Mi siku hizi sisafiri na begi zima. Nabeba viatu, glavu tatu maana jasho la kule glavu moja inaloa shimo la sita, pata yangu (fimbo ya kusukumia mpira kwenye griini) kama nafasi ipo, na mipira ya bei rahisi, mingi. Raundi kubwa naiweka siku ya tatu, ya kwanza mwili bado unasafiri, na siku ya kuondoka siweki kitu, viatu vilivyolowa umande havikauki, na ukivifunga vibichi kwenye sanduku moja na nguo za watoto utavinusa mpaka nyumbani.