Nywele za kipilipili hukua, tatizo ni kukatika
"Nywele za kipilipili hazikui," husemwa saluni, na binti wa miaka minane anawekwa dawa ya kunyoosha nywele. Si kweli. Huota karibu sentimita 1 kwa mwezi, pengine pungufu kidogo. Kinachopotea ni ncha. Kila kona ya msokoto ni sehemu dhaifu. Ukichana kwa nguvu nywele zikiwa kavu, zinakatikia hapo. Tazama sakafuni: vipande vifupi visivyo na kitone cheupe mwishoni vimekatika, havikung'oka.

Tena hujikunja. Unywele wa sentimita 20 ukikauka huweza kuonekana kama wa 8. Uvute taratibu uone.

Zichambue zikiwa na maji na kondishena, mafungu manne hadi sita, kwa vidole kwanza, kisha chanuo la meno mapana, kuanzia nchani kuelekea shinani. Mafuta hayaleti unyevu, huuzuia usitoke, basi yapake nywele zikiwa bado mbichi. Usiku funga kitambaa cha satini.

Na msuko unaouma siku ya kwanza ufumuliwe, hata kama umeshalipia (ndiyo, inauma pia). Mvuto huo ukirudiwa miaka huua mashina ya pembezoni mwa paji, na hapo ndipo nywele hazioti tena.