Thamani ya kompyuta ya kale kwa mkusanyaji: maana yake

Thamani ya mkusanyaji ni pesa ambayo wanaokusanya kompyuta za kale wamekwisha kutoa kwa modeli kama yako, ikiwa katika hali kama ya yako. Bei iliyoandikwa tu mtandaoni haihesabiki: muuzaji ataandika milioni kumi, na mashine ikae hapo hadi mwakani. Kwenye eBay, soko la mtandaoni, chuja zilizouzwa, chukua tano, tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa; zinazobaki ndizo zinazokupa bei ya kati.

Umri peke yake haupandishi bei. Apple-1 za 1976 zilitengenezwa takriban 200 tu, ndiyo maana hupiganiwa mnadani. Commodore 64 ya 1982 iliuzwa kwa mamilioni, kwa hiyo mnunuzi ana pa kuchagua na yako ataikagua kila kona.

Hapo ndipo Tanga inapoumiza. Mashine iliyokaa Ngamiani miaka thelathini imekula upepo wa chumvi, na kutu huanzia kwenye skrubu na soketi. Kama ni Amiga 500, kompyuta nyingine ya Commodore, igeuze, fungua kifuniko cha chini, uchomoe kadi ya kumbukumbu ya A501 kama ipo. Betri yake huvuja. Ukiona ukungu wa kijani kwenye pini, kata betri, pangusa kwa siki ili kuua alkali, kisha kwa spiriti, uache ikauke kabisa. Amiga 500 Plus ni balaa zaidi: betri imelehemiwa kwenye mazabodi yenyewe, yaani ubao mkuu wa kompyuta.

Usiichomeke "kuona kama inawaka". Pawa saplai ya Commodore 64 ikichoka, ile laini ya volti 5 hupanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Pima kwa mita kwanza, ikizidi 5.2, iweke kando. Mashine ya Marekani ya volti 120 nayo haitaki 230 za hapa bila transfoma. Plastiki iliyogeuka njano iache hivyohivyo. Rangi ya kupuliza huwakimbiza wanunuzi kuliko umanjano.

Tuseme bei ya kati ya inayowaka ni dola 150. Yako haina pawa saplai, toa 40. Imepoteza vitufe viwili, toa 20. Zimebaki 90. Kuituma Ulaya kukila 70, mnunuzi wa Dar anayetoa 50 taslimu amekulipa zaidi.