Namba Tasa ya Euler: 2,147,483,647

Wiki iliyopita, katika skuli moja ya Wete, tulikuwa tunazungumzia saa za kompyuta zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 na 1. Kikomo chake ni sekunde 2,147,483,647. Kwetu huku zitatimia Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi, jua halijachomoza. Nikaongeza kwamba hiyo ni namba tasa: ukiwa na karafuu idadi hiyo, huwezi kuzianika kwa safu zilizo sawa, ila ziwe safu moja tu.

Mwanafunzi mmoja akauliza: "Mwalimu, nani aliyekaa akazijaribu zote?"

Nilimjibu kwa haraka mno. Swali lake lilistahili zaidi.

Namba hii ni 2³¹ − 1. Njia ya kawaida ni kuigawa kwa kila namba tasa hadi kipeuo chake cha pili, 46,340 na ushei. Hizo ni zaidi ya 4,700. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, aliithibitisha mwaka 1772, akiwa St Petersburg, Urusi, macho yake yamekwisha kufifia karibu kabisa, na nyingi katika hizo hakuzigusa.

Siri iko kwenye baki. Tazama kwanza mdogo wake, 2¹¹ − 1, yaani 2,047. Huyu si tasa: ni 23 × 89. Anza na 1, zidisha kwa 2, zidisha tena, na kila ukiipita 23, itoe:

1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1.

Umerudi kwenye 1 kwa hatua 11, kwa sababu 23 inagawa 2¹¹ − 1. Lakini Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, alishagundua kwamba kwa namba tasa yoyote isiyokuwa 2, hatua zikiwa pungufu ya namba hiyo kwa 1, nazo hukurudisha kwenye 1. Kwa 23 ni hatua 22. Basi 22 lazima iwe mizunguko kamili ya 11. Na 89? Toa 1, inabaki 88: mizunguko 8. Mie kila nikiuandika mstari ule ubaoni hufurahi upya.

Sasa rudi kwenye 31. Kigawo chochote tasa cha namba yetu, ukikipunguza 1, lazima kigawike kwa 31. Na kwa kuwa kigawo chenyewe ni witiri, ukikipunguza 1 inabaki shufwa, basi lazima igawike kwa 62. Na liko sharti jengine: kikigawiwa kwa 8, kibakishe 1 au 7. Yakikutana masharti hayo, zinasalia namba za umbo 248k + 1 na 248k + 63 peke yake. Hadi 46,340 ziko 373, na nyingi zinatupwa papo hapo, kama 63 na 249, maana zenyewe si tasa. Euler akazijaribu zilizosalia. Hakuna iliyogawa.

Kwa yule aliyeuliza: chukua 2²³ − 1, yaani 8,388,607. Kigawo chake tasa, kikipunguzwa 1, lazima kigawike kwa 46. Anza na 47.