Kabla hujaupigia mpapai msumari, lipasue ua lake

Juma lililopita niliitwa Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, kwa mama mmoja mwenye bustani ya kutia wivu. Mbele ya baraza asumini na mrehani, ubavuni mlimao na mstafeli, uani mipapai mitatu, na pesheni imetambaa mpaka juu ya banda la kuku. Nilimwamkia, akaitikia huku ananivuta mkono. "Marahaba, mwanangu. Viti baadaye, njoo kwanza umwone huyu mla bure."

Mla bure mwenyewe ni mpapai uliokwisha kuipita paa, umenawiri, vishada vya maua meupe vinaning'inia kila upande, tunda hata la dawa hakuna. Na shinani umepigwa msumari wa inchi sita.

Misumari ya namna hii nimeing'oa mingi tangu nianze kazi ya ubibi shamba. Huku kwetu mpapai usiozaa hutishwa: unapigwa msumari, au unakatwa kichwa uone cha mtema kuni. Mpapai hautishiki. Cha kufanya ni kuchuma ua lake na kulipasua, nami nikaomba wembe, tukakaa kwenye jamvi.

Ua la mla bure lilikuwa jembamba kama kipande cha mrija. Ndani mlikuwa na vifuko 10 vya chavua ya manjano, vimepangwa safu mbili, na katikati kijisindano kisichoweza kuwa kitu. Hilo ni dume. Nikachuma la mpapai wa pili, ambalo limekaa karibu kabisa na shina, nene, na nilipoyabandua majani yake 5 meupe kukabaki tumbo lililojaa, juu yake vijitawi vilivyogawanyika kama tumbawe dogo. Chavua hakuna hata chembe. Hilo ni jike. Mpapai wa tatu nao jike. Aina iliyokosekana pale ni jike-dume, ambayo tumbo la ua lake ni jembamba na refu kama pilipili changa, na vifuko vya chavua vimelizunguka humo humo. Jike huzaa papai la mviringo. Jike-dume huzaa lile refu, nyama nene, uwazi mdogo ndani, ndiyo maana wauzaji wanalipenda.

Mama alikuwa ameniita nimkatie dume lile ili samadi iende kwa wenzake wawili. Nikamwambia, "Ukiukata huu, mama, hao wawili watakudondoshea maua yote." Dume moja linatosha majike kumi na zaidi, na pale uani, na hata kwa majirani tuliochungulia juu ya ukuta, lilikuwa hilo hilo moja. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nampigia misumari mume wa watu." Tulicheka mpaka kuku wakatawanyika.

Lakini msumari si kwamba umepata sifa bila sababu. Hali ya hewa ikibadilika, dume wakati mwingine hutoa maua machache yenye jinsia zote mbili kwenye ncha za vile vishada, na yale yakashika matunda madogo yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Kama ulikuwa umeupiga msumari mwezi uliotangulia, utaapa kwamba mti umesikia maumivu. Mpapai wa jirani usio na msumari nao hufanya hivyo hivyo, ila hakuna anayeuhesabu.

Watu huniuliza kama jinsia inaweza kujulikana mche ukiwa bado kwenye kifuko. Kwa macho, haiwezekani. Wapo wanaosema tazama mizizi, wapo wanaosema tazama rangi ya mbegu, na mimi mwenyewe niliwahi kununua miche 40 kwenye kitalu kimoja kwa kuhakikishiwa kuwa yote ni jike-dume. Ilipochanua, karibu nusu ilikuwa madume. Hapo nikajua mbegu zilitoka wapi. Jike likipata chavua ya dume, nusu ya mbegu huwa madume na nusu majike. Jike-dume likijichavusha lenyewe, katika kila mbegu 3, 2 huwa jike-dume na 1 jike, dume halitokei kabisa. Kwa hiyo mbegu za papai la mviringo ni bahati nasibu, na za papai refu lililochavushwa lenyewe zina uhakika zaidi, ukilifunga ua kwa kifuko cha karatasi kabla halijafunguka. Zisugue kwenye jivu mpaka ule utelezi utoke, zianike kivulini. Panda miche 3 shimo moja, subiri ichanue, kati ya miezi 4 na 6, kisha bakiza mmoja unaoutaka. Kwa mbegu za dume na jike, kwa wastani shimo 1 kati ya 8 litatoa madume matupu.

Basi, nani anayehamisha chavua? Hapa ndipo asumini ya barazani inapoingia. Ua jeupe, linalofunguka jioni na kunukia usiku, halimngoji nyuki. Linamngoja nondo, na si yule mdogo wa taa, bali mnene mwenye kasi, anayeelea mbele ya ua kama yule ndege chozi na kuingiza mrija wake mrefu. Maua ya mpapai ni ya namna hiyo hiyo. Mtafiti Dino Martins wa Kenya aliandika mwaka 2009, pamoja na mwenzake Steven Johnson, juu ya nondo hawa kwenye mipapai ya wakulima, na kwamba pori lililo karibu na shamba lina faida kwa mkulima, maana ndiko nondo wanakoishi. Mmoja wa ukoo wa nondo hao ndiye mzazi wa yule kiwavi mkubwa mwenye pembe mkiani anayetafuna matembele. Mama alikuwa na tuta la matembele nyuma ya jiko, na alikuwa akilipulizia dawa kila wiki. Tukakubaliana awaokote kwa mkono na kuwapa kuku. Atapoteza majani kidogo, wachache watamponyoka, na hao wachache ndio ninaowataka.

Pesheni yake ilikuwa na kesi nyingine. Ni ile ya manjano, ambayo haijichavushi: chavua yake yenyewe haiitaki, inataka ya mche mwingine. Kukata pingili ya mti ule ule na kuipanda kando hakusaidii, ni mti mmoja wenye miguu miwili. Ua lake hufunguka kama saa sita mchana, na mfanyakazi wake ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti. Mjukuu wa nyumba alikuwa ameyaziba matundu yote ya banda kwa simenti, kwa nia njema kabisa. Nimemwachia kazi: alete gogo kavu liwekwe chini ya paa, apande mche wa pili kutoka kwa mtu mwingine, na mpaka nyuki warudi, aguse maua kwa kidole baada ya chakula cha mchana, kutoka mche huu kwenda ule.

Mstafeli niliutazama kwa haraka tu. Mastafeli yaliyopinda upande mmoja hayana ugonjwa. Ni upande uliokosa chavua ndio haukukua. Ua la mstafeli huwa jike kwanza, halafu dume, kwa hiyo mwenye haraka huchukua brashi laini ya rangi na kuhamisha chavua kutoka ua lililotangulia kwenda linalofuata.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipoomba koleo niung'oe ule msumari. Akanishika mkono. "Uache hapo hapo, mwanangu. Natundikia kifumbu."