Chavua Haijui Mpaka: Dhana Potofu Kuhusu Mimea na Mahali Ilipoota

"Mmea uliokaa mahali vizazi na vizazi lazima uwe umeshapafaa."

Dhana hii ina ukweli ndani yake, ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. Mwaka 2008 watafiti Leimu na Fischer walikusanya matokeo ya majaribio ya kuhamisha mimea ya aina moja kutoka makazi yake kwenda mengine. Mimea ya mahali husika iliishinda ya ugenini katika asilimia 71 ya ulinganisho. Lakini ukitaka kila upande uushinde mwenzake ukiwa kwake, unabaki na asilimia 45 tu.

Sababu mojawapo ni kwamba mmea hautembei, ila chavua na mbegu zake hutembea. Upepo na nyuki havijali kwamba huku ni bondeni penye unyevu na kule ni kilima kikavu. Kila msimu jeni (vinasaba vinavyobeba sifa za kurithi) zilizochujwa kwa mazingira mengine huingia, uteuzi asilia, yaani mchujo wa mazingira unaowaacha wanaofaa waishi na kuzaa, huzipunguza, na msimu unaofuata zinarudi. Ni kama kukumba maji kwenye mtumbwi unaovuja: ukubwa wa tundu unashindana na kasi ya mkono.

Hesabu yake, ikirahisishwa, ni hii. Tuseme kila kizazi asilimia 10 ya jeni zinatoka nje. Jeni ya mahali hapo inayompa mbebaji faida ya asilimia 5 katika kuishi na kuzaa itapotea, ingawa ni nzuri. Ikiwa na faida ya asilimia 20, itadumu, lakini itaishia kubebwa na nusu tu ya mimea.

"Ili mimea itofautiane, lazima itenganishwe na bahari au mlima."

Hapa nyasi za migodini zinatoa jibu zuri kuliko yote. Kwenye kifusi cha mgodi wa shaba wa Drws-y-Coed, Wales, nyasi aina ya *Agrostis* huota juu ya udongo unaoua nyasi za kawaida. Malisho ya kawaida yapo hatua chache tu pembeni. Ukiotesha vipande vya nyasi hizo kwenye maji yenye shaba, mizizi ya zile za mgodini inaendelea kurefuka. Ya malishoni inadumaa. Upande upepo unakotokea, tofauti hiyo hubadilika ndani ya mita chache. Upande upepo unakoelekea, uwezo wa kuvumilia shaba umesambaa malishoni kwa zaidi ya mita 100, maana chavua imebebwa huko.

Kinachonivutia zaidi ni watoto. Mbegu zilizochumwa mgodini na kuoteshwa kwenye udongo safi zilitoa miche isiyovumilia shaba vizuri kama mama zao, kwa kuwa baba wengine walikuwa wa malishoni. Mingi ya miche hiyo ingekufa ikiota kwenye kifusi. Kwa hiyo nyasi unazoziona pale zimekwisha kuchujwa, na mchujo huo hurudiwa kila kizazi. Tena nyasi za mgodini huchanua mapema kidogo kuliko majirani, jambo linalopunguza chavua ya nje.

"Basi jeni za nje ni hasara tupu."

Hapana. Kundi dogo lililojitenga hupandana ndugu kwa ndugu na kudhoofika, na uteuzi asilia hauwezi kuchagua kitu kisichokuwepo. Chavua ngeni kidogo huleta malighafi. Ikiwa nyingi mno ndipo inapozamisha.

Ipo pia njia ya kujikinga bila kufunga mlango. Kwenye vilima vya mchanga vya Great Sand Dunes, Colorado, alizeti-mwitu wana mbegu kubwa kuliko wenzao wa tambarare ya jirani, ingawa bado wanabadilishana chavua. Baadhi ya jeni zinazowatofautisha zimekaa kwenye vipande vya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) vilivyogeuka kichwa chini miguu juu. Kipande kilichogeuka hakichanganyiki kirahisi na kile ambacho hakikugeuka, kwa hiyo jeni zote za mchangani zilizomo hurithiwa zikiwa fungu moja.